Malagarasi na Barafu ya Mbali

Siku ya kwanza, Tabora

Safari hii nimetumwa na mwanafunzi, ingawa mwenyewe hajui. Mwezi Aprili nilikuwa nafundisha barafuto, ile mito ya barafu inayoteremka milimani polepole, ikikwangua mwamba na kuburura mawe. Mifano ya vitabuni ni Alps, Norwe, Kanada. Binti mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo barafu ilitufanyia nini sisi?" Nikamtajia Kilimanjaro. "Kilimanjaro ni mbali, mwalimu. Nauliza sisi wa huku." Kengele ikagonga kabla sijamjibu, na kwa kweli jibu sikuwa nalo.

Nimelitafuta kwa miezi miwili. Nilipolipata nilishangaa kwamba limelala mlangoni kwetu. Kaskazini mwa mji wetu kuna bwawa la Igombe, ambalo kwa miaka mingi ndilo lililokuwa likiinywesha Tabora. Mto Igombe unaingia Malagarasi. Malagarasi unaingia Ziwa Tanganyika. Ziwa linatoka kwa mto Lukuga, ng'ambo ya Kongo, na Lukuga unakwenda mpaka Lualaba, Kongo yenyewe, na bahari ya Atlantiki. Mvua inayonyesha juu ya bati la darasa langu, ile isiyonywewa na ardhi wala jua, ina safari ndefu kuelekea magharibi. Na katika njia hiyo barafu imeweka mkono wake mara mbili. Mara ya kwanza ilifika yenyewe. Mara ya pili haikufika, ikafanya kazi kwa mbali.

Nimefunga nyundo, ramani, daftari na kamba ya nailoni ya mita 60 niliyoipiga fundo kila baada ya mita 5. Mpwa wangu, anayesubiri matokeo yake, ameomba kufuatana nami. Mama yake amemfungia karanga za kutosha kijiji kizima.

Siku ya pili, Tabora hadi Nguruka

Basi limeondoka alfajiri. Wazee kituoni wanasalimiana "mwangaluka", harufu ya chai ya tangawizi imetanda, na mawe makubwa ya mviringo yanaanza kuonekana kadiri kunavyokucha. Tabora imekaa juu ya matale, na matale haya ni sehemu ya moyo wa kale wa nchi yetu, miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Hapa ardhi imetulia. Haijakunjwa upya, haijapasuka, imemomonyoka tu kidogo kidogo hadi ikawa tambarare. Ndiyo maana mito ya Unyamwezi haina haraka. Mto usio na mteremko hauna pa kukimbilia.

Urambo na mabani yake ya tumbaku, Kaliua, Usinge. Asali inauzwa dirishani kwenye chupa za maji. Mpwa wangu amelala njia nzima.

Tumelala Nguruka. Chakula cha jioni ni ugali na kambale wa mchuzi, wa kutoka kwenye mabwawa ya Malagarasi. Mama ntilie aliposikia tunaufuata mto alisema, "Mtaufuata wapi? Huku mto hauonekani, unaona majani tu." Kesho nitaona maana yake.

Siku ya tatu, darajani

Alikuwa na haki yule mama. Nilisimama kwenye Daraja la Kikwete, lenye urefu wa mita 275, nikitazama kaskazini, nikaona majani. Mafunjo hadi macho yanapoishia, na katikati yake maji yanayong'aa vipande vipande. Hili ni eneo oevu la Malagarasi na Muyovozi, hekta zipatazo milioni 3.25, la kwanza nchini mwetu kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya maeneo oevu muhimu duniani, mwaka 2000. Korongo nyangumi anaishi humu. Sikumwona. Niliona membe, yangeyange, na kijana mmoja kwenye mtumbwi akitoweka ndani ya mafunjo kana kwamba mlango umefungwa nyuma yake.

Nikamfungulia mpwa wangu ramani juu ya kingo ya daraja. Nilitaka auone mto huu kwa umbo lake lote, kwa sababu umbo lake ni la ajabu. Malagarasi unazaliwa kwenye vilima vya mpakani na Burundi, si mbali na Ziwa Tanganyika. Badala ya kuteremka moja kwa moja ziwani, unalipa ziwa kisogo. Unakwenda kaskazini mashariki, unafuata mpaka, unageuka kusini, unapotea kwenye mabwawa haya, unakutana na Muyovozi, Igombe na Ugalla, halafu ndipo unageuka magharibi na kurudi kulekule ulikotoka. Kilomita 475 hivi, kama ndoano.

"Mjomba, kwa nini usingeshuka tu?" aliuliza.

Kwa sababu ukingo wa bonde umeinuka. Afrika Mashariki inapopasuka kwenye Bonde la Ufa, sakafu ya bonde inazama na mabega yake yananyanyuka. Bega la mashariki la Ziwa Tanganyika ndiyo milima ya Kigoma. Linamwaga maji ya nyuma yake kwenda bara, mbali na ziwa, na nchi iliyo kati ya bega hilo na matale ya Tabora imekuwa kama sinia. Maji yanajaa kwenye sinia na kuzubaa. Mahali pamoja tu yamepata mlango, kule Uvinza na kushuka chini, na mlango huo ni mto wenyewe uliouchonga.

Ila hapa kuna jambo ambalo lilininyima usingizi nilipolisoma mara ya kwanza. Mto unawezaje kukata bega la mlima? Maji hayapandi. Jibu la wanajiolojia wengi ni kwamba mto ulikuwepo kabla ya bega. Ziwa Tanganyika lina umri wa miaka kati ya milioni 9 na 12 katika sehemu yake kongwe ya katikati. Wanaamini Malagarasi ni mkubwa kwa umri: kwamba ulikuwa ukitiririka magharibi kuelekea Kongo wakati ziwa halijazaliwa, na Lukuga wa leo unapita kwenye njia hiyohiyo ng'ambo. Bonde lilipozama katikati yake, mto ulikatwa kama kamba. Na bega lilipoanza kuinuka, kimo cha kidole kwa miaka mingi, mto uliendelea kulikata kwa kasi ileile. Mbao inapandishwa taratibu, msumeno umesimama palepale.

Ushahidi mwingine uko ndani ya maji. Malagarasi una samaki ambao ndugu zao wako mto Kongo kuliko ziwani. Mmojawapo ni yule mkubwa anayejivimbisha kama puto akishikwa, mwenye madoa ya njano na meusi, ambaye wataalamu wamempa jina la mbu. Anapatikana Kongo, na anapatikana hapa kwenye sehemu za chini za Malagarasi.

Siku ya nne, Uvinza

Ningekuwa na uwezo ningekaa Uvinza mwezi mzima.

Tumefika saa nne asubuhi, tukaenda moja kwa moja kwenye chumvi. Maji ya chumvi yanachipuka hapa, karibu na mahali mto Ruchugi unapoungana na Malagarasi, na watu wamekuwa wakiyachemsha kwa zaidi ya miaka 1,000. Watafiti waliochimba hapa katika miaka ya 1960 walikuta vigae na majivu ya kale tabaka juu ya tabaka. Wasafiri wa karne ya 19 waliokuwa wakitoka Tabora kwenda Ujiji walivuka Malagarasi kwenye nchi ya Wavinza na kulipa hongo, yaani ushuru wa njia, ndipo wavushwe kwa mitumbwi. Stanley alilalamika sana juu ya hongo hiyo mwaka 1871. Mimi naona mwenye mto alikuwa na haki yake.

Mzee mmoja aliyefanya kazi ya chumvi tangu ujana wake alitukaribisha barazani. Nilimwamkia, akaitikia, akatutazama na nyundo yetu.

"Mnatafuta madini?"

"Hapana, mzee. Tunatafuta habari za mto."

"Habari za mto ni nyingi. Mnataka za mwaka gani?"

Nikamwambia za miaka elfu ishirini. Hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema babu yake alikuwa akisema chumvi inachipuka hapa kwa sababu ardhi ya Uvinza ina ufa, na kwamba mto umeukuta ufa huo ukaufuata. Sikumwongezea neno. Maji ya chemchemi kupanda kupitia nyufa za miamba ni jambo ambalo ningelieleza darasani kwa dakika 40, na yeye alilimaliza kwa pumzi moja.

Mchana alitupeleka mwenyewe kando ya mto. Hapa ndipo Malagarasi unapobadilika tabia. Yale mafunjo na uvivu wa jana vimekwisha. Mwamba mwekundu wa mchanga umejitokeza pande zote mbili, tabaka juu ya tabaka kama chapati zilizopangwa, na mto umebanwa katikati, una sauti. Miamba hii ni mikongwe kuliko mfupa wowote duniani. Wakati inatandazwa, mchanga kwa mchanga, nchi kavu haikuwa na jani wala mdudu. Katika mfululizo huu wa miamba ya Kigoma kuna pia lava iliyomwagika miaka milioni 800 hivi iliyopita. Kuanzia kwenye mabwawa hadi ziwani mto unashuka zaidi ya mita 200, na sehemu kubwa ya mshuko huo ni kuanzia hapa kwenda chini, kupitia maporomoko ya Igamba.

Nilipiga magoti nikapitisha kiganja kwenye jiwe. Lina mashimo ya mviringo, laini ndani kama bakuli, yaliyochimbwa na kokoto zinazozungushwa na maji. Mpwa wangu aliingiza mkono kwenye moja hadi kiwiko, akatoa kokoto tatu nyeupe. Akazirudisha.

Hapa nilimweleza kwamba sehemu ya makali haya yamenolewa na barafu ambayo haikuwahi kufika Kigoma katika zama za binadamu. Aliniangalia kwa mashaka. Nikamwambia asubiri tufike mdomoni.

Siku ya tano, njiani

Mchomoko umeharibika kabla ya kufika Kazuramimba. Tumekaa chini ya mti kwa muda wa saa tano. Karanga za dada yangu zimetuokoa sisi na abiria wengine saba.

Siku ya sita, Ilagala

Ilagala, chini kabisa ya mto. Michikichi kila upande, mawese yanachemshwa kwenye mapipa, watu wanasubiri kivuko na magunia ya muhogo. Malagarasi hapa umekuwa mpana na wa rangi ya chai ya maziwa. Tulikodi boti ya mvuvi mmoja ili atutoe hadi ziwani. Alishangaa kusikia hatutaki kuvua.

Tulipita kwenye matete, mchanga, vijito vilivyogawanyika. Delta yote hii ni udongo wa Tabora, wa Kasulu, wa Kibondo, uliobebwa mpaka hapa. Halafu matete yakaachana na ziwa likafunguka. Upepo wa kusini wa Juni ulikuwa unavuma na mawimbi yalikuwa mafupi na magumu. Rangi ya chai iliendelea mbele yetu kama ulimi, kisha ikaanza kuchanganyika na buluu.

Nikateremsha kamba yenye jiwe. Mita 4. Tukasogea. Mita 11. Tukasogea tena, mvuvi akisoma mafundo kwa sauti kama anahesabu fedha. Mita 30. Mita 45. Safari iliyofuata kamba yote iliisha mkononi mwangu na jiwe likawa bado linaning'inia. "Huku hakuna chini," alisema mvuvi. Ipo, lakini mahali penye kina kirefu kuliko vyote katika ziwa hili ni mita 1,470, na chini ya maji hayo kuna tope na mchanga wa unene wa kilomita kadhaa.

Sasa nilimweleza mpwa wangu, na mvuvi alizima injini asikie.

Miaka 21,000 hivi iliyopita dunia ilikuwa kwenye kilele cha enzi ya barafu ya mwisho. Kaskazini mwa Amerika na Ulaya barafu ilikuwa nene kiasi cha kilomita 3 mahali pengine. Maji hayo yote yalitoka baharini, na usawa wa bahari ukashuka kwa takriban mita 120. Kwetu, barafu ilikuwa juu ya milima mirefu tu, kama Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori, ingawa iliteremka chini sana kuliko leo. Kigoma haikuwa na hata kipande. Lakini bahari baridi haitoi mvuke mwingi, na pepo zinazotuletea mvua zikaja mikono mitupu. Mvua ikapungua kwa maelfu ya miaka. Ziwa Victoria lilikauka kabisa, likawa mbuga.

Ziwa Tanganyika halikukauka kwa sababu ya kina chake. Lakini lilishuka. Kati ya miaka 32,000 na 14,000 iliyopita usawa wake ulifika takriban mita 260 chini ya huu tuliouelea. Hili halikubuniwa mezani. Mwaka 1983 na 1984 mradi wa PROBE wa Chuo Kikuu cha Duke ulilipima ziwa lote kwa mawimbi ya mitetemo: mlio unapigwa majini, unagonga tabaka za chini, unarudi, na kila tabaka linajiandika. Vipimo vilivyofuata baadaye, vya karibu zaidi, vilionyesha chini ya maji nyuso za ardhi zilizomomonyolewa na mvua na jua, na delta za kale zilizojengwa pembeni mwa ziwa ambalo halipo tena. Kusini ya hapa, mbele ya kijiji cha Kalya, watafiti walitoboa tope na kutoa mche wa udongo wenye kumbukumbu ya miaka 60,000. Jessica Tierney na wenzake walisoma ndani yake mafuta ya vijidudu vya majini, ambayo hubadilika umbo kulingana na joto la maji, wakatangaza mwaka 2008 kwamba katika kilele kile ziwa lilikuwa baridi kwa nyuzi 3 hadi 4 kuliko lilivyokuja kuwa baadaye. Ubaridi wa barafu ile umeandikwa Kalya. Nani wa Kigoma anafundishwa hilo?

Na sasa mto. Mto wowote hushuka mpaka usawa wa maji yanayoupokea, kisha huacha kuchimba. Ukilishusha ziwa kwa mita 260, umeuongezea mto ngazi. Ufuko ukasogea mbele, delta hii ikabaki juu, kavu, na Malagarasi ukalazimika kuikata ili kulifuata ziwa lililokimbia. Mto wenye mwinuko mpya hukata kuanzia mdomoni kurudi nyuma, kama mtu anayefumua sweta kuanzia pindoni. Ulikuwa na maji machache, ni kweli, lakini milima ilikuwa na miti michache pia, na dhoruba moja juu ya ardhi tupu hubeba mchanga kuliko mvua kumi za msituni. Halafu, kama miaka 15,000 iliyopita, mvua zikarudi. Ziwa likapanda na kuufunika mfereji, na mto ukaanza kuujaza kwa tope tena. Sisi tulikuwa tumesimama juu ya bonde la mto lililozama.

Sisemi kwamba kila kipindi cha ukame kilitokana na barafu. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita ziwa hili lilishuka kwa zaidi ya mita 400, na hilo linahusishwa zaidi na namna dunia inavyoyumba katika mzunguko wake kulizunguka jua. Mto huu umepandishwa na kuteremshwa mara nyingi. Ngazi ya mwisho ndiyo ya barafu.

Mvuvi alikaa kimya. Kisha akasema kwamba kuna mahali, akaonyesha kwa kidevu kuelekea kusini magharibi, ambapo nyavu za chini hunasa kwenye ukingo mkali ingawa pande zote ni tope laini, na baba yake alimkataza kutupa pale. Nimeandika mahali hapo kwenye daftari. Sidai kwamba ni ukuta wa bonde lile. Nimeandika tu.

Siku ya saba, Ujiji

Kigoma mwisho wa reli. Tumefikia kwa ndugu, tumeoga, tumekula migebuka ya kukaanga, na jioni tukateremka Ujiji.

Wageni huja hapa kwa ajili ya Livingstone na Stanley, waliokutana Novemba 1871. Mimi nilitaka kuona umbali kati ya ukumbusho wao na maji. Leo unatembea kidogo kufika ufukoni, na hiyo ni habari kamili ya jiolojia iliyotokea mbele ya macho ya watu.

Stanley aliporudi mwaka 1876 alikuta ziwa limepanda, michikichi aliyoiacha nchi kavu sokoni Ujiji imesimama majini. Cameron, msafiri Mwingereza, miaka 2 kabla, alikuwa ameugundua mdomo wa Lukuga ng'ambo ukiwa umezibwa na matete. Tundu la kutokea maji ya ziwa lilikuwa limezibwa. Mwaka 1878 hivi maji yakavunja kizuizi, na Edward Hore, baharia wa misheni aliyeishi Ujiji, aliukuta Lukuga mwaka 1879 ukikimbia kwa nguvu. Ziwa likashuka kwa takriban mita 10 katika miaka 15 hivi. Mita 10 tu, na Ujiji ikapata ufuko mpya. Mimi nilijaribu kuwaza mita 260.

Kinachofanya ziwa hili liwe na wasiwasi namna hiyo ni kwamba karibu maji yake yote huondoka kwa kupanda angani kama mvuke. Lukuga unachukua kidogo sana. Mvua ikizidi jua kidogo, ziwa linapanda. Jua likizidi mvua, linashuka. Tangu 2020 limepanda sana. Mama mmoja anayeanika dagaa alinionyesha msingi wa nyumba yake, matofali mawili yakichungulia juu ya maji, na michikichi iliyokufa imesimama ndani ya ziwa kama nguzo za simu. "Lilikuja usiku, taratibu, bila kelele," alisema. "Asubuhi kuku walikuwa juu ya meza." Amejenga juu zaidi sasa. Nilimuuliza kama anadhani litarudi chini. Alisema limewahi kurudi, bibi yake alisema.

Siku ya nane, Kigoma

Nimeamka mapema. Anga ilikuwa safi na milima ya Kongo ilionekana ng'ambo, ya buluu.

Huko ndiko barafu ilikofika yenyewe, ile mara ya kwanza niliyoitaja mwanzoni. Miaka milioni 300 hivi iliyopita hapakuwa na ziwa, hapakuwa na Malagarasi, hata Afrika haikuwa peke yake. Ilikuwa imeungana na Amerika Kusini, India, Australia na Antaktika katika bara moja, Gondwana, na nchi zetu zilikuwa karibu na ncha ya kusini ya dunia. Barafu halisi ilitambaa juu yake. Ilipoyeyuka iliacha mchanganyiko wake wa kawaida: udongo wa kusagwa na mawe ya kila ukubwa yamechanganywa bila mpangilio, kwa sababu barafu haichagui kama mto unavyochagua. Kusini mwa Tanzania miamba hiyo iko bonde la Ruhuhu, chini ya tabaka zenye makaa ya mawe ya Mchuchuma. Na upande huu wa nchi iko palepale ng'ambo, katika bonde la Lukuga karibu na Kalemie, nayo imefunikwa na makaa. Wabelgiji waliyachimba.

Kwa hiyo maji ya Igombe, yakishavuka ziwa na kutoka upande wa pili, yanapita kwenye kifusi cha barafu. Hili ndilo nimekwenda nalo kichwani siku nzima. Mto mmoja, na barafu mbili zilizoachana kwa karibu miaka milioni 300: moja ililaza mawe kwenye njia ya kutokea, nyingine ikachimba mlango wa kuingilia kwa kuzuia mvua tu.

Mchana tulikwenda Kibirizi, mahali maboti ya Kongo yanapopakia. Nahodha mmoja wa Kalemie, mtu wa makamo, alikuwa anapakia saruji na sabuni. Nilimwomba aniletee jiwe la Lukuga.

"Jiwe gani, baba?"

Nikamchorea kwenye daftari: jiwe lenye upande mmoja bapa, kama limepigwa randa, na juu ya ubapa huo mikwaruzo iliyonyooka inayokwenda upande mmoja. Ndivyo jiwe linavyokuwa likiwa limegandishwa ndani ya barafu na kusuguliwa juu ya mwamba. Alikichukua kile kikaratasi, akakikunja, akakitia kwenye kofia. Akasema atarudi siku ya tatu ziwa likimpa ruhusa. Zaidi ya kilomita 100 kwenda, nyingine kama hizo kurudi. Nilitaka kumlipa, akakataa, akasema nimlipe akileta.

Mpwa wangu amerudi Tabora kwa treni ya usiku. Mimi nimebaki.

Siku ya kumi na mbili, Kibirizi

Ziwa lilichafuka siku mbili. Nimekwenda ufukoni kila asubuhi, mpaka wapagazi wamenizoea na kuniwekea kigoda.

Leo boti imefika saa tatu. Nahodha aliniona kwa mbali akanyanyua mfuko wa sandarusi juu ya kichwa. Mawe matatu. Aliyaokota na mwanawe, ukingoni mwa Lukuga, mto unapotoka mjini. La kwanza jeusi, laini, la mviringo, jiwe la mto tu. La pili la kijivu, lina mshipa mweupe wa kwatsi. La tatu lina ubavu mmoja bapa. Niliketi, nikalilowesha, nikaligeuza juani pole pole kama nilivyofundishwa, mwanga ukija kwa pembeni. Kuna mistari mitatu mifupi. Miwili inakwenda pamoja, wa tatu unaikata. Mto unaweza kufanya hivyo. Koleo la mchimba mchanga linaweza pia.

Nahodha alikuwa amechuchumaa mbele yangu, akisubiri.

"Ndilo?"

Nikamwambia sina hakika. Akatazama kikaratasi changu, akatazama jiwe, akakitia tena kikaratasi kwenye kofia. Ijumaa anarudi Kalemie, na mwanawe anajua mahali pengine, juu zaidi, ambapo mto umekata ukingo na mawe yamechomoza kwenye udongo mkubwa kwa madogo bila mpangilio.

Nimemlipa kwa haya matatu. Nimeyafunga kwenye shati, na lile bapa nimeliweka juu.